Kilima Kilichokubali Uongo Wangu

Kilima kile hakipo tena. Mwezi uliopita nilipita huko ndani ya taksibisi, tukielekea Koni kumzika shangazi wa mume wangu, nikageuza shingo upande wa kushoto kama ninavyofanya tangu utoto, kwa adabu fulani ya woga ambayo sijawahi kumweleza mtu. Hapakuwa na kitu cha kuonyesha adabu. Mashine za kampuni ya madini zilikuwa zimekila chote, zikaendelea kushuka, zikaacha shimo pana lenye maji ya kijani. Kijana mmoja wa mashine alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gurudumu, buti miguuni, anakula mkate na kupiga mluzi kati ya tonge na tonge.

Nilimkodolea macho nikingoja kimpate kitu. Buti kilimani, na mluzi juu yake! Sisi tulilelewa tukijua kwamba mtu wa namna hiyo hafikishi jioni. Taksibisi yetu ilikuwa imesimama kubadilisha tairi, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha kungoja. Yule kijana alimaliza mkate wake, akapangusa mikono kwenye suruali, akapanda tena mashine. Basi. Nikashikwa na hasira ambayo sijui niiiteje, hasira ya kukikasirikia kilima. Maana kilima hicho hicho, kwa makosa ambayo hata hayakutendeka, kilimtoa mwanamke nyumbani kwetu na mtoto mgongoni. Au ndivyo tulivyosema sisi.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Shituru, pale Likasi, mnakumbuka harufu ya kiwanda, ile asidi iliyokwaruza koo asubuhi na kutoboa nguo zikiwa kwenye kamba. Papa alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, nasi tulikaa nyumba ya kampuni, matofali mekundu, mlango mmoja mbele na mmoja nyuma. Kisha kazi ikaisha, na katika masika hayo hayo mama yangu akafa. Papa akachukua nyundo na mtaimbo, akawa krezeri, kama tunavyowaita wanaume wanaochimba madini kwa mikono yao wenyewe. Mwaka haujatimia akaleta mke mwingine. Jina lake Béa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kumwita mama nilikataa katakata. Nilimwita Tantine.

Tantine Béa hakunitendea ubaya hata siku moja. Naliandika hili mapema ili msije mkanitafutia udhuru. Alinisuka nywele bila kunivuta. Alipika sombe, yale majani ya muhogo, kwa karanga, na mimi nilikula mpaka kushiba huku nikiwa nimenuna. Alipomzaa Dodo, aliniwekea yule mtoto mapajani akasema, “Huyu ni wako, weye njo mukubwa yake.” Nilimpenda Dodo. Mama yake nilitaka aondoke, arudi kwao Kambove, kitanda cha mama kibaki kitupu kama kilivyopaswa kubaki.

Sasa niwaeleze kilima. Papa na wenzake wanne walikuwa na shimo lao huko. Jumapili waliimba kanisani, kila mmoja kwenye kanisa lake, na Jumatatu asubuhi walivua viatu chini ya kilima, wote watano, wakapanda peku. Kabla ya kufungua shimo walikuwa wamemwita mwenye udongo, mzee ambaye ukoo wake ndio uliokuwa na haki ya kusema na ardhi ile. Alinyunyiza unga, akamwaga munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, akasema maneno ya kuomba ruhusa. Kisha akawapa masharti. Hakuna viatu. Hakuna mluzi. Mwanamke asikanyage karibu na shimo. Mke wa mchimbaji asiingize mwanamume mwingine nyumbani wakati mumewe yuko ardhini. Na jiwe lolote litoke kilimani kwenda kwa mnunuzi moja kwa moja, lisilale nyumbani mwa mtu, maana kilima kitalifuata. Anayevunja sharti, kilima kinaficha mshipa wake wa madini. Walikisema kilima kama mtu anavyomsema mkubwa wake wa kazi: leo kina hasira, leo kimetuonea huruma.

Shuleni nako tulikuwa na masere, mtawa aliyetufundisha katekisimu. Alikuwa na sauti ndogo na vidole vilivyojaa chaki. Alituambia, “Mungu iko fasi yote. Iko mu majani, iko mu mayi, iko mu mawe.”

Nikainua kidole. “Masere, hata mu kile kilima papa anachimbaka?”

“Hata kule, mwana.”

Maskini masere. Alitaka tu tuache kuvunja matawi ya miti ya shule na kutupa taka mtoni. Hakujua anampa nini mtoto wa miaka tisa aliyefiwa. Maana msibani watu wote walikuwa wameniambia mama yako yuko kwa Mungu. Na Mungu, sasa nilikuwa nimeambiwa na masere mwenyewe, yuko kilimani. Hesabu haikunisumbua hata kidogo. Mama yangu alikuwa ndani ya kilima, na papa kila asubuhi alikuwa anakwenda na mtaimbo kumchimba.

Tangu siku hiyo papa akirudi jioni nilimkimbilia, nikaficha uso kwenye shati lake na kunusa lile vumbi. Lilinuka chuma na unyevu, kama maji ya birika la zamani. Nilitafuta ndani yake harufu ya mama, sabuni yake ya mche na mafuta ya mawese, na zipo siku nilizoapa kwamba nimeipata. Papa alidhani nampenda sana. Alinipapasa kichwa akaingia ndani.

Siku moja nilitumwa kupeleka kilimani bukari ya mchana, ule ugali wetu. Watoto tuliruhusiwa kufika kwenye tawi lililolazwa njiani, hapo unaweka sufuria na kuondoka. Karibu na tawi palikuwa na gunia moja wazi, na juu kabisa jiwe dogo la kijani lenye mistari, kijani kilichokolea halafu kijani chepesi halafu kilichokolea tena. Lilinitosha kwenye kiganja. Nilitazama juu, sikuona mtu. Nikalitia ndani ya chupi, ndio, ndani ya chupi, kwa sababu gauni halikuwa na mfuko, na nikashuka kilima nikitembea kama bata. Usiku huo nililala nalo shavuni. Lilikuwa baridi, halafu likawa na joto langu, na mimi nikaamini ni joto la mama.

Siku ya tatu mshipa ukakatika.

Papa alirudi na uso mweupe wa vumbi. Walikuwa wakiufuata ule mshipa wa kijani tangu mwanzo wa kiangazi, na sasa mbele yao palikuwa na udongo mwekundu mtupu. Wakachimba siku nzima, udongo. Siku nane, udongo. Bukari ikapungua sahanini, Tantine akawa anakula baada yetu ili tusione kilichobaki kwake. Mimi nilikuwa najua sababu. Katika mji mzima wa Likasi, mimi peke yangu. Jiwe lilikuwa ndani ya mto wangu wa kulalia, na kilima kilikuwa kinalitafuta. Nilitaka kulirudisha, lakini kulirudisha ilikuwa kumzika mama mara ya pili. Nikanyamaza.

Jumapili ya pili, baada ya misa, mwenye udongo akaja nyumbani. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti la suti lililobana, anavuta sigara moja baada ya nyingine, na alikuwa amekwisha kupita nyumba za wenzake papa asipate kitu. Nyuma yake walikuja wale wanaume wanne na wake zao. Alikuwa na kopo la udongo kutoka shimoni. Akaumwaga uani, akausambaza kwa mguu mpaka ukawa kama mkeka.

“Kilima imekasirika,” alisema. “Kuko nyumba moya ilichafuka. Mutoto wa nyumba njo atasema, juu mutoto hawezi danganya udongo. Akidanganya, udongo itamushika miguu.”

“Mado, vua viatu,” papa akaniambia.

Nilisimama juu ya ule udongo. Ulikuwa na ubaridi wa chini kabisa, ubaridi ule ule wa jiwe langu. Tantine alikuwa amesimama mlangoni na Dodo mgongoni, akanitikisia kichwa kidogo, kama mtu anayekuambia usiogope, sema tu.

“Kuko muntu alileta jiwe humu mu nyumba?”

“Hapana,” nilisema.

Nikafunga macho. Nilingoja udongo unibane vifundo, univute chini mbele ya watu wote. Nilihesabu mpaka tano. Nikainua kidole gumba cha mguu wa kulia. Kiliinuka. Naapa kwenu kwamba hofu niliyoipata hapo ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza, maana nilikuwa nimemdanganya Mungu kwenye ngozi yake na hakugundua.

Mwenye udongo alitupa kipisi cha sigara. “Bon. Mutoto anasema hapana jiwe. Tutatafuta mu nyumba, tuone muzuri.” Akaanza kuelekea mlangoni, kisha akasimama. “Ao ni mwanaume. Kama hapana jiwe, ni mwanaume. Mado, wakati papa yako iko mu shimo, nani anafikaka huku?”

“Papa wa makala,” nilisema. Kweli alifika. Kila wiki alileta makala, makaa ya kupikia, kwa baiskeli, akaomba maji, akayanywa amesimama kizingitini, akarudisha kikombe.

“Anaingiaka mpaka wapi?”

Nilimwangalia Tantine. Nilikuwa na majibu mawili mdomoni na nilijua uzito wa yote mawili. Msiseme mtoto hajui. Nilijua. Ningesema mlangoni, wangeingia ndani wakageuza mto wangu. Na kulikuwa na kitu kingine, nami sitakificha sasa baada ya kukificha miaka yote hiyo: niliona nafasi.

“Mu chumba,” nilisema.

Mke wa mchimbaji mmoja alivuta pumzi. Tantine alisema, “Mado.” Halafu akasema tena, taratibu, “Mado, angalia minye.” Sikumwangalia yeye, niliangalia miguu yangu. Udongo ulikuwa umelala kimya juu ya vidole vyangu.

Papa hakumpiga. Watu wa kwetu wanamsifu kwa hilo mpaka leo. Alimwambia tu, “Kesho utaenda kwenu,” na Tantine alipouliza na huyu mtoto je, papa alisema mtoto tutaona ni wa nani. Alisema hivyo akiwa amempa mgongo. Dodo alikuwa na masikio ya papa, yale yale yanayokaa wima, kila mtu alikuwa akiyacheka.

Aliondoka asubuhi, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha usiku. Alikuwa na furushi moja kichwani. Desturi ilitaka nyayo za mwanamke aliyechafua shimo zifagiliwe kutoka mlangoni mpaka barabarani, zisibaki uani kukichokoza kilima, na wanaofagia ni wake za wachimbaji na watoto wa nyumba. Mimi nilipewa fagio. Udongo ulikuwa laini kwa sababu ya mvua, nyayo zake zilikuwa wazi na za kina, ilibidi kukwangua kila moja mara mbili, mara tatu. Alikuwa hatua chache tu mbele yetu. Alisikia mafagio nyuma yake njia nzima, na hakugeuka. Dodo ndiye aliyegeuka. Aliniona, akacheka, akaninyooshea mkono kama alivyozoea.

Siku tisa baadaye mshipa ulionekana. Ulikuwa kushoto, hatua mbili tu kutoka pale walipoupoteza, mnene kuliko mwanzo. Mnaelewa maana yake? Watu waliimba njiani kutoka kilimani. Mwenye udongo aliletewa mbuzi. Papa alininunulia viatu vyeusi vyenye kamba, akavifunga yeye mwenyewe akiwa amepiga goti, akasema ni viatu vya mtoto wa kweli. Na mwezi haujaisha ikaja habari kutoka Kambove kwamba Dodo amekufa kwa homa. “Kilima ilikamata yake,” alisema mwenye udongo. Papa hakwenda msibani. Alikaa uani siku nzima akinoa mtaimbo ambao haukuhitaji kunolewa.

Jiwe nililitupa chooni. Halikuwa tena na mama. Nilikuwa nimeelewa jambo ambalo hakuna katekisimu iliyonifundisha: kilima kinapokea uongo. Unakipa mtu yeyote, hata asiye na kosa, kinatafuna, kinashiba, kinafungua mkono. Mungu anayeona kila kitu hakunitisha tena. Nilianza kumwogopa Mungu asiyeona, na huyo ni mbaya zaidi, kwa sababu ukimlilia hajui umesimama wapi.

Nilisoma, nikakua, leo ni mwalimu. Mhandisi mmoja wa madini, rafiki wa mume wangu, alikuja kula kwetu nikamuuliza kwa mzaha kwa nini mshipa unapotea. Akachukua kalamu ya mwanangu, akanichorea. Miamba ilivunjika zamani, upande mmoja ukateleza, na mshipa uliokatika hapa unaendelea hatua chache pembeni. Kila mahali Katanga ni hivyo, alisema. Hakuna aliyeuficha. Nilimwomba anichoree tena. Nilimchukia yule mtu mwema wiki nzima.

Lakini msidhani nimeishia kuwacheka waliovua viatu. Siwezi. Siku hizi nasikia mapadre wakihubiri kwamba dunia ni takatifu na si ghala la kupora, na moyo wangu unasema ndio. Wale wanaume watano wa peku walichimba miaka mingi na kilima kilibaki kilima. Wenye buti wamekuja, na limebaki shimo. Ninachowauliza mapadre, kimoyomoyo, ni hiki: kama ardhi ni takatifu, kwa nini meno yake yalimpata Béa tu? Nani aliyeielekeza kuuma? Jibu ninalo, nami sihitaji padre kunipa.

Baada ya maziko ya Koni sikurudi nyumbani moja kwa moja. Kesho yake nilipanda taksibisi nyingine nikaenda Kambove. Haikuwa vigumu kumpata Tantine. Ana nyumba ya bati karibu na soko, wajukuu wawili, nywele zimekuwa nyeupe mbele. Alinitambua kabla sijataja jina. Akanisogezea kiti, akaendelea kuchambua maharagwe.

Nilimwambia kila kitu kuhusu jiwe. Niliongea muda mrefu, na nililia, nikimweleza masere, na mama ndani ya kilima, na mto, na jinsi nilivyongoja udongo unishike. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyevunja sharti la kilima. Nilimweleza hata michoro ya mhandisi. Yeye alichambua, akatupa vijiwe pembeni, akachambua.

“Ulimaliza?”

“Ndiyo, Tantine.”

“Hii jiwe minye sijue,” alisema. “Jiwe haikunifukuza. Weye ulisema mu chumba.”

Alitupa kijiwe kingine pembeni.

“Uliogopa jiwe, uliogopa kilima, uliogopa Mungu na mama yako mwenye alikufa. Byote uliogopa. Minye nilikuwa mbele yako, muzima, na mutoto ku mugongo, minye haukuniogopa.” Aliinua ungo akaupepeta. “Papa yako iko?”

“Iko. Ni muzee sasa.”

“Enda umuambie Dodo alikuwa mutoto yake. Na kweli ya mambo yenye ilipita, usimufiche. Kisha urudi, njo tutaongea na weye.”

Maharagwe yaliingia chunguni, lakini hakuniambia nibaki nile. Mjukuu wake alinisindikiza mpaka barabarani.

Zimepita Jumapili nne. Kila Jumapili nampelekea papa bukari na samaki, maana macho yake yamekufa kwa lile vumbi na hawezi kujipikia. Kila mara nakwenda na maneno yamepangwa mdomoni. Jumapili iliyopita jirani mpya alikuwa amekuja kumsalimu, na papa akaninyooshea kidole, akikosea kidogo upande nilipokuwa, akamwambia, “Huyu mutoto yangu, tangu butoto yake, hakudanganyaka hata siku moya.” Jirani akasema mtoto wa namna hiyo ni baraka. Nikaleta beseni, nikamnawisha papa mikono, nikamwekea tonge la kwanza kiganjani.